Kidoko Mlangoni

Siku Mfumaji alipokuja kwangu kwa mara ya kwanza, nilipiga deki mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ya vumbi, mara ya pili kwa sababu ya woga. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akanitazama ninavyohangaika na tambara.

"Unasugua sakafu kwa ajili ya mtu asiyeiona," akasema.

"Ataikanyaga, Mama."

"Ehe. Mwanangu alipokuwa hai hukuwahi kulishika hilo tambara."

Nikaendelea kusugua. Mama mkwe wangu ana kipaji cha kusema ukweli saa ambayo hauhitajiki.

Mke wangu alifia hospitali, na hakufa kwa ugonjwa, alikufa kwa ufunguo. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimefungwa, na mkubwa wa pale ameondoka na ufunguo mfukoni, amekwenda kwenye mkutano wa kujadili huduma bora. Siongezi chumvi. Yeye na mtoto tumboni wakaondoka mchana mmoja. Niliandika barua tatu kwa huu mwandiko wangu wa darasa la tano. Nikajibiwa moja, na jina la mke wangu wamelikosea. Tangu hapo mtu yeyote mwenye cheo akinipa mkono, naangalia kwanza mkono wa pili ameshika nini.

Mama mkwe hakuwa na mtoto mwingine. Baada ya mazishi hakuondoka, wala mimi sikumwambia aondoke. Miaka minne tumekaa hivyo katika vyumba viwili, watu wawili tuliobaki na msiba mmoja, kila mtu ameshika upande wake na hataki kuachia.

Ndiyo maana Mfumaji alinipa sharti. Aliniambia wiki moja kabla, tumekaa kwenye ngazi za jengo la kazini kwao, sweta la mtoto wa watu likiwa mapajani mwake.

"Nitakuja nimsalimie mama yako. Akinikubali, tutaendelea. Akinikataa, Fundi, usinifuate tena."

"Mama mkwe ndiye anayeoa?"

"Ndiye nitakayeshinda naye. Wewe akikununia mtu unamwona, unatoka nje. Mimi nitabaki nikimtabasamia mtu aliyeninunia. Siwezi maisha hayo."

Alisema bila hasira, huku vidole vyake vikihesabu vitanzi vya uzi. Nilimjua vya kutosha kujua kuwa hatanii.

Nilikuwa nimekutana naye miezi mitano nyuma. Nilikuwa napiga lipu kwenye korido ya jengo hilo, ambako yeye na wenzake wana chumba cha kufuma masweta ya shule kwa mashine. Nimeinama, nasawazisha kwa mwiko, jasho linanitiririka, mara nikasikia nyuma yangu: tk! Kidoko. Kikavu, cha karibu na shingo. Halafu kingine.

Wewe unayesoma unakijua kidoko, umelelewa nacho. Mtoto akimpigia mama yake kidoko, analala amevimba shavu. Nikageuka na mwiko mkononi.

"Kidoko cha nini, dada? Lipu yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Nilikuwa nauliza."

"Unamuuliza nani?"

"Ukuta."

Ndipo nikaiona fimbo nyeupe, na yale macho yaliyotulia, yasiyomfuata mtu. Nikashusha mwiko kama mwizi aliyebambwa.

"Jana hapa palikuwa na mlango," akasema. "Mmeuziba?"

Tulikuwa tumeuziba asubuhi ile. Msimamizi hakumwambia mtu yeyote wa mle ndani, maana wasimamizi ndivyo walivyo, wanaziba njia halafu wanakwenda kunywa chai.

"Umejuaje, dada yangu? Hujagusa hata."

"Jana palikuwa panaimeza sauti. Leo panairudisha." Akainamisha kichwa kidogo, sikio likanielekea kama vile wengine wanavyoelekeza jicho. "Na wewe, mbona unagonga gonga huo ukuta kutwa nzima? Nakusikia kutoka chumbani kwetu. Unasikiliza nini?"

"Nagonga kwa mpini wa mwiko. Nasikia kama lipu imeshika, au kama ndani kuna uwazi."

"Basi sisi ni wa kazi moja," akasema, akacheka.

Miaka minne nilikuwa nimepewa pole na wanawake, nimepewa ushauri, nimepewa hata uji. Kicheko sikuwa nimepewa. Nilisimama pale kama nguzo hadi akasema, "Fundi, unaweza kupumua."

Toka siku hiyo nikawa natafuta ufa kwenye korido ile hata pasipo na ufa. Naye akawa ananifundisha. Aliniambia alijifunza mwenyewe akiwa mdogo, hakuna aliyemwonyesha. Alipiga ulimi akasikia dunia inajibu, akaendelea kuiuliza. Ukuta unajibu kwa ukali na upesi. Mlango ulio wazi haujibu. Ua wa majani unajibu kwa kunong'ona, sauti imekatika katika. Gari lililosimama linajibu chini, usawa wa kifua, na juu yake panabaki wazi. Aliniambia mvua ikipiga mabati, hapo ndipo anapokuwa kipofu kweli, maana dunia yote inapiga kelele kwa pamoja na hakuna anayejibu swali lake.

Nilijaribu. Baada ya kazi, wenzangu wakiondoka, nilifumba macho nikatembea kwenye ile korido napiga vidoko kama kichaa. Wiki ya kwanza nilijigonga pua mara mbili. Mfumaji akicheka hadi anashika mbavu, ananiambia, "Usitafute kuona. Sikiliza sauti yako inavyobadilika." Wiki ya tatu, jioni moja, kidoko changu kikanenepa. Sijui niseme vipi. Kilitoka mdomoni kikiwa chembamba, halafu kikawa kama kimemkuta mtu. Nikasimama. Nikanyoosha mkono. Ukuta ulikuwa pale, umbali wa kiganja.

Nilifumbua macho yakiwa na machozi. Mimi ni mtu wa kuta, miaka ishirini na miwili. Nimezijenga, nimezipaka, nimezibomoa, na siku ile ndiyo ukuta uliniambia neno la kwanza. Nikapata na hasira pia. Shuleni walitukaririsha milango mitano ya fahamu, ukikosea unachapwa, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyesema kuwa mlango wa sikio nao una macho yake. Wanajua nini hawa waliopewa kutufundisha?

"Umelia," Mfumaji akasema.

"Vumbi la saruji."

"Vumbi la saruji halivuti kamasi."

Hapo nilijua kuwa nimeshakwisha, sitoki tena. Nilizoea kutazamwa na watu. Sikuwahi kusikilizwa namna ile.

Basi, siku ya siku nilimpokea barabarani saa tisa mchana. Alivaa gauni la kijani alilochaguliwa na wenzake na akanionya nisisifie rangi, kwa sababu hajui kama wamemtania. Hakutaka kushikwa mkono na kuvutwa. Yeye ndiye alinishika kiwiko, kwa vidole viwili tu. Hivyo vidole viwili nilivihisi hadi magotini.

Tulipita mtaani kwetu, naye akiuliza kwa ulimi, taratibu, tk, tk. Watoto waliokuwa wanacheza wakaacha mpira wakatutazama.

"Hapa pana uchochoro," akasema. "Mwembamba. Mwisho umezibwa."

"Ndiyo."

"Hapa tofali. Hapa sasa mabati, na nyuma ya mabati kuna nafasi kubwa. Uwanja?"

"Gereji. Leo wamefunga."

"Na hiki kilichosimama hapa mbele ya nyumba ni nini? Kina matundu matundu. Sauti inapita, nyingine inarudi."

Zilikuwa fremu za madirisha, jirani amezipanga ukutani zisubiri vioo. Nimepita njia ile miaka kumi na mmoja. Nilikuwa naiona kila siku na leo ndiyo kwanza nasimuliwa ilivyo.

Kisha tukafika, na hapo ndipo kosa langu lilipojitokeza.

Nilikuwa nimemwandaa Mama kwa kila kitu. Nilimwambia mgeni haoni. Nilimwambia asimpeleke kwenye kiti kwa kumsukuma, asiongee kwa kupayuka kana kwamba ni kiziwi. Nilimwambia umri wake, kazi yake, kwao. Jambo moja sikumwambia. Si kwamba nilificha, la. Nilikuwa nimeshasahau. Miezi mitano nimesikia sauti ile ikiwa salamu, ikiwa swali, ikiwa ni yeye anakuja kwenye korido na moyo wangu unaruka. Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa kidoko ni tusi.

Mfumaji akasimama kwenye kizingiti. Mama mkwe akainuka kutoka kwenye kiti, amejifunga kitambaa chake kizuri kichwani, amekwisha kufungua mdomo kumkaribisha.

Tk. Tk.

Mdomo wa Mama ukajifunga. Mfumaji akainama kwa heshima. "Shikamoo, Mama."

Mama akamwangalia toka kichwani hadi miguuni.

"Shikamoo, Mama," akarudia, sauti imeteremka.

"Umenipigia kidoko," mama mkwe akasema pole pole. "Hujavua hata viatu. Umesimama kwenye mlango wa marehemu mwanangu, ukanipigia kidoko. Viwili."

"Mama, ngoja nikueleze," nikasema.

"Wewe nyamaza! Umenipigisha deki ya maneno wiki nzima, asukumwe asisukumwe, apayukiwe asipayukiwe, kumbe umeniletea mtu wa kunidharau!"

"Anaona kwa hicho kidoko, Mama. Ndiyo macho yake."

"Mimi nina miaka sitini na tisa. Usinifanye mtoto."

Nikapandisha sauti, nikasema maneno ambayo sitayaandika yote hapa. Kwamba siku zote nyumba hii ni yake na marehemu, mimi ni mpangaji tu. Yakanitoka. Mfumaji akaniachia kiwiko. Nilihisi vile vidole viwili vinaondoka na nikajua vinaondoka na nini.

"Fundi," akasema, "acha kumfokea mama yako. Ana haki. Na mimi ningekasirika." Akageuza uso pale sauti ya Mama ilipotokea. "Nisamehe, Mama. Ni mazoea. Nikiingia mahali nisipopajua, ulimi unatangulia kabla ya akili. Sikukutukana. Nilikuwa nakitafuta chumba."

"Chumba kimepotea?"

"Kwangu, Mama, kila chumba kimepotea mpaka kijibu."

Mama akamtazama sana. Kisha nikamwona anainama, anaokota stuli kwa mikono miwili bila kuivuta, ananyata, anaiweka katikati ya njia. Akanikazia macho, ole wangu niseme.

Mfumaji akatabasamu. "Mama, hicho ulichoniwekea njiani, vitu vya chini kama hivyo huwa vinanishinda kwa ulimi. Lakini magoti yako yamelia, yakanisemea."

Kicheko kilinitoka puani. Mama hakucheka, ila alirudi kitini akakaa, na hilo peke yake lilikuwa jambo.

"Haya," akasema. "Chumba changu kimejibu nini? Sema nikusikie."

Mfumaji akainua kidevu. Akapiga ulimi, akageuza kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayepitisha taa gizani. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mia, na bado mwili ulinisisimka.

"Dari iko chini. Mbele yangu mezani hakuna kitu kirefu. Kushoto dirisha, liko wazi, lina pazia zito, wewe umekaa mbele yake. Kulia ukuta mtupu, msafi, unajibu vizuri. Huo umepigwa na Fundi, naujua mkono wake."

"Anakusifia," Mama akaniambia kwa ubaridi. "Endelea."

"Kuna kabati. Kubwa, la mbao, pembeni kule. Milango yake iko wazi." Akapiga tena, mara tatu, kwa upole zaidi, akielekea kule. Uso wake ukabadilika. "Hapo... hapo panameza. Sauti inaingia hairudi. Kuna nguo, nyingi, zimetundikwa kwa kubanana. Kila kitu humu ndani ni kigumu, Mama, isipokuwa pale."

Nje watoto walikuwa wanagombania mpira.

Kila Jumapili Mama hufungua kabati lile nguo za mwanawe zipate hewa. Chumba cha kulala ni kidogo, kwa hiyo kabati liko sebuleni. Wageni wote walioingia nyumba ile kwa miaka minne, majirani, ndugu, hata yule ofisa aliyekuja na barua yenye jina lililokosewa, wote walikaa wakilitazama kabati hilo na hakuna aliyeliona. Huyu asiyeona amelikuta kwa kidoko tu.

"Ni za marehemu?" Mfumaji akauliza.

"Ni zake," Mama akajibu.

"Nisamehe. Sikujua nimegusa."

"Hukugusa."

"Nimegusa, Mama. Kwangu mimi huko ni kugusa."

Mama akainuka. Safari hii hakunyata, magoti yakalia wazi. Akaenda kabatini, akapekua, akachomoa kitu akakikumbatia kifuani, akaja akasimama mbele ya Mfumaji, karibu hata pumzi zao zikakutana.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nikoje?"

"Mama?"

"Umeuliza kuta, umeuliza makabati. Niulize mimi. Nipigie hicho kidoko chako."

Mfumaji akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona anaona haya kama msichana. "Mama, siwezi. Usoni kwa mtu mzima? Mama yangu angefufuka."

"Nimekuruhusu mimi. Piga."

Akapiga kimoja, kidogo, cha ulimi mlaini, kama anayembembeleza mtoto mchanga. Akangoja. Akapiga cha pili.

"Wewe ni mfupi kuliko sauti yako," akasema.

"Hilo kila mtu ananiambia."

"Kichwa umekiinamisha upande. Na kifuani umeshika kitu. Kinene, kimejaa hewa ndani yake. Si kitambaa cha kukatwa. Ni cha kufumwa."

Mama akanigeukia. Mwanga ule sikuwahi kuuona machoni mwake tangu siku ya mazishi. Alikuwa anashangaa kama mtoto. Mimi pia. Nilitamani kuwaita wote wenye madaraka yao, wapange mstari pale mlangoni na viatu vyao vya kung'aa, waone. Kisha nikasahau habari zao, jambo ambalo halijanitokea kwa miaka minne.

"Ni sweta lake," Mama akasema. "Alilivaa kila mara akihisi baridi ya ule ujauzito. Shika."

Mfumaji akaegemeza fimbo begani, akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea kama mtu anavyopokea mtoto. Vidole vikatembea. Vikapanda mkono wa kushoto, vikashuka ubavuni, vikafika kwapani vikasimama.

"Lilifumwa kwa mkono," akasema. "Na mtu mwenye haraka. Anakaza mwanzoni mwa mstari, anaachia mwishoni."

"Ni mimi," Mama akasema. "Nilitaka liishe kabla ya baridi."

"Hapa kwapani kitanzi kimoja kimefyatuka. Kimeshateremka mistari sita. Kikiachwa, Mama, litafumuka lote."

"Nilikiona mwaka jana. Nikaogopa kugusa. Macho yangu nayo siku hizi..." Hakumalizia. "Kinaokoteka?"

"Kinaokoteka. Ni kukipandisha mstari kwa mstari. Lakini si kazi ya siku moja, uzi wenyewe umechoka. Nikilichukua kazini kwetu, kwa wiki mbili hivi nitakuwa..."

"Hapana." Mama akaweka kiganja chake juu ya sweta, na chini ya kiganja ilikuwa mikono ya Mfumaji. "Hili halitoki ndani ya nyumba hii."

Mfumaji akatikisa kichwa taratibu, akaanza kulirudisha.

"Nimeelewa, Mama."

"Hujaelewa," mama mkwe akasema, wala hakukiondoa kiganja chake. "Nimesema sweta halitoki. Sindano zako ndizo zitakazokuja. Pamoja na nguo zako."